Kueleza kwa Nini Planktoni Iko Ilipo: Mwongozo wa Kusoma Nuru, Tabaka na Mikondo ya Bahari

Mtu anapochota maji ya bahari na kuyatazama kwa hadubini, hudhani amepata habari za mahali alipochota. Kwa hakika amepata habari za safari. Maji yale yametoka kwingine, pengine kutoka kilindini na pengine kutoka mbali sana, na viumbe waliomo wameongezeka, wameliwa au wamezama kwa kadiri ya yale yaliyoyapata maji yao njiani. Victor Hensen, mwanasayansi wa Ujerumani aliyelipa neno planktoni maana yake ya sasa mwaka 1887, alilitoa katika neno la Kigiriki la kutangatanga, na uteuzi ule ulikuwa sahihi: kinachomfanya kiumbe ahesabiwe kuwa planktoni si udogo wake, bali kutoweza kushindana na mkondo. Ndiyo maana kundi hilo hilo linawabeba bakteria wa Prochlorococcus, wenye upana wa takriban maikromita 0.6, pamoja na yavuyavu wanaoshinda kichwa cha mtu kwa ukubwa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi, mtafiti anayeanza au mtu yeyote mwenye sampuli, vipimo vichache na ramani, anayetaka kueleza kwa hoja inayosimama kwa nini planktoni ni nyingi hapa na chache pale. Hatua zake zinafuatana kwa makusudi, na swali linalozifunga pamoja ni moja: maji haya yametoka wapi, na yalipitia nini kabla sijayakuta?

Hatua ya 1: Amua ukubwa wa swali

Kabla ya kushika kifaa chochote, amua kama unaeleza tofauti ya mita chache na saa chache, ya makumi ya kilomita na siku kadhaa, au ya bahari nzima na majira ya mwaka. Mistari ya povu inayotokea upepo ukishika kasi, mzunguko wa maji wenye upana wa kilomita 100, na upungufu wa kudumu wa planktoni katikati ya bahari kuu ni mambo matatu yenye sababu tatu, na kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine ni la kuchukua sababu ya ukubwa mmoja na kuibandika kwenye jambo la ukubwa mwingine.

Kipimo kizuri cha kujizuia ni kasi ya ukuaji. Seli nyingi za planktoni mimea, zikiwa katika hali nzuri, hugawanyika kama mara moja kwa siku. Kwa hiyo ukikuta idadi imepanda mara tano ndani ya saa mbili, usitafute ukuaji, kwa kuwa hakuna ukuaji wa namna hiyo. Tafuta maji mengine yaliyoingia mahali pa yale ya kwanza, au viumbe waliopanda au kushuka.

Hatua ya 2: Pima nuru inafika wapi

Planktoni mimea huishi kwa usanisinuru, na maji huimeza nuru haraka. Nyekundu hutoweka ndani ya mita chache za kwanza, na buluu ndiyo inayofika mbali zaidi, jambo linaloyafanya maji maskini ya bahari kuu yaonekane ya buluu iliyokolea.

Kifaa cha kuanzia ni kisahani cheupe chenye kipenyo cha sentimita 30, kinachoitwa kisahani cha Secchi kwa jina la Angelo Secchi, padri na mwanafalaki wa Italia aliyekifanyia majaribio katika Bahari ya Mediterania mwaka 1865. Kishushe karibu na saa sita mchana, upande wa chombo wenye kivuli ili mng'ao wa uso wa maji usikudanganye. Andika kina kinapopotea machoni, kipandishe polepole, andika kina kinapoonekana tena, kisha chukua wastani wa vina hivyo viwili. Hakikisha kamba imesimama wima. Kamba iliyolazwa na mkondo huonyesha kina kikubwa kuliko kile cha kweli.

Kutokana na kina hicho unaweza kukadiria kiwango cha kufifia kwa nuru kwa kugawa 1.7 kwa kina cha kisahani, kanuni iliyotolewa na Poole na Atkins mwaka 1929. Tuseme kisahani kimepotea kwenye mita 12. Kiwango cha kufifia ni 1.7 ÷ 12, yaani takriban 0.14 kwa kila mita. Kina ambapo imebaki asilimia 1 tu ya nuru ya usoni hupatikana kwa kugawa 4.6 kwa kiwango hicho, nasi tunapata mita 32 hivi. Mpaka huo wa asilimia 1 si ukuta, maana zipo seli zinazoendelea kuishi chini yake, lakini ni mstari unaofaa kuuchora katika daftari, kwa sababu hatua zote zinazofuata zitaurejelea. Katika maji yenye tope jingi kanuni hii hupoteza usahihi, na hapo ni bora kutumia kipima nuru chenyewe.

Hatua ya 3: Tafuta tabaka, kisha lilinganishe na nuru

Hapa ndipo ningependa msomaji akae muda mrefu kuliko kwingine, kwa sababu nusu ya maelezo ya planktoni imo katika kulinganisha vina viwili.

Shusha kifaa kinachopima jotoridi, chumvi na kina kwa pamoja. Kama huna, shusha kipimajoto chenye kumbukumbu na uchukue maji ya vina mbalimbali kwa ajili ya kupima chumvi. Chora mstari wa jotoridi dhidi ya kina. Katika bahari nyingi utaona sehemu ya juu ambamo mstari unakaribia kuwa wima, kwa maana kwamba maji yanachanganywa na upepo na kupoa kwa usiku hadi yanafanana. Chini yake mstari unakunjika kwa ghafla kuelekea ubaridi. Mahali pa mkunjo ndipo penye mfuniko, yaani maji mepesi yaliyokalia maji mazito na kukataa kuchanganyika nayo.

Njia inayotumika sana ya kukitambua kina hicho ni kutafuta pale jotoridi linapotofautiana na lile la mita 10 kwa nyuzi 0.2 za Selsiasi. Kama mita 10 ina nyuzi 26.4, mita 30 ina 26.3 na mita 40 ina 26.1, basi nyuzi 26.2 zinaangukia mita 35 hivi, na hapo ndipo tabaka lililochanganyika linapoishia. Usisahau chumvi. Karibu na mlango wa mto, au baada ya mvua kubwa, maji ya juu yanaweza kuwa mepesi kwa upungufu wa chumvi hata kama jotoridi lake halitofautiani na la chini, na anayetazama kipimajoto peke yake hatauona mfuniko uliopo.

Sasa weka vina viwili kando kwa kando. Katika mfano wetu nuru inafika mita 32 na mchanganyiko unafika mita 35, kwa hiyo seli inayozungushwa na maji hukaa karibu muda wote ndani ya nuru. Lakini kama mchanganyiko ungefika mita 120, seli hiyo hiyo ingekuwa ndani ya nuru kwa kama robo tu ya muda wake, na iliyobaki ingepita gizani ikitumia akiba yake bila kuzalisha. Harald Sverdrup aliliweka wazo hili katika hesabu mwaka 1953: kuna kina cha mpaka ambacho, mchanganyiko ukikizidi, jumla ya kinachopumuliwa huzidi jumla ya kinachozalishwa. Kwa hoja hiyo alieleza kwa nini Atlantiki ya Kaskazini hulipuka kwa planktoni majira ya kuchipua, jua linapopasha uso wa bahari na tabaka la juu kuwa jembamba. Mwaka 2010 Michael Behrenfeld aliipinga hoja hiyo akitumia takwimu za setilaiti, akionyesha kwamba ongezeko huanza tangu kipupwe, wakati mchanganyiko mrefu unapowatawanya walaji na walwao hata wakutane kwa shida. Maoni yangu ni kwamba mambo yote mawili yanastahili kupimwa, na kwamba anayeeleza ongezeko la planktoni bila kuwataja walaji ameeleza nusu ya jambo.

Katika maji ya tropiki tatizo hugeuka. Nuru ipo mwaka mzima, jua limeufanya mfuniko kuwa imara, na virutubisho vimefungiwa chini yake. Huko, katikati ya bahari kuu, klorofili, yaani rangi ya kijani ambayo seli hunasia nuru, mara nyingi haiko kwa wingi usoni bali kwenye kina cha mita 100 au zaidi, pale nuru hafifu inayoshuka inapokutana na virutubisho vinavyopenya kutoka chini. Hata hivyo, klorofili nyingi si lazima iwe na maana ya seli nyingi, kwa kuwa seli inayoishi katika nuru hafifu hujijaza klorofili zaidi ili inase kidogo kinachofika. Usichore tabaka la planktoni nyingi kwenye mita 100 kabla hujahesabu seli zenyewe.

Hatua ya 4: Jiulize ni kirutubisho kipi kinachokosekana

Pima nitrati, fosfati na silika kwa vina kadhaa. Alfred Redfield alionyesha kwamba planktoni kwa wastani hubeba atomi 106 za kaboni na 16 za nitrojeni kwa kila atomi 1 ya fosforasi, na uwiano wa 16 kwa 1 ni kipimo cha haraka: ukishuka sana chini ya hapo, nitrojeni ndiyo yenye uhaba. Silika ikiisha, daiatomu, yaani planktoni mimea wenye maganda magumu, hukoma kuongezeka hata kama vingine vipo, kwa kuwa hujenga maganda yao kwa hiyo.

Iwapo nitrati imejaa, nuru ipo, na bado planktoni ni chache, fikiria chuma. Bahari ya Kusini inayoizunguka Antaktika, Pasifiki ya ikweta na Pasifiki ya kaskazini karibu na Alaska ni maeneo ya namna hiyo. Yako mbali na vumbi la nchi kavu linalobeba chuma. John Martin ndiye aliyelitetea wazo hilo kwa nguvu, na jaribio la mwaka 1993 la kumwaga chuma katika Pasifiki ya ikweta lilionyesha klorofili ikipanda ndani ya siku chache.

Hatua ya 5: Soma upepo, kisha mkao wa pwani

Virutubisho viko chini na nuru iko juu. Kinachobaki ni kujua nani anayavuta maji kuja juu, na mara nyingi ni upepo, ingawa si kwa njia ambayo jicho lingetarajia. Fridtjof Nansen, mpelelezi wa Norwei, akiwa kwenye meli ya Fram iliyosafiri pamoja na barafu ya Aktiki kati ya mwaka 1893 na 1896, aliona barafu haiendi kule upepo unakoelekea bali inakwenda upande wa kulia wake. Vagn Walfrid Ekman alilieleza jambo hilo kwa hesabu mwaka 1905: kwa sababu dunia inazunguka, jumla ya maji ya tabaka la juu yanayosukumwa na upepo huenda pembemraba nao, kulia katika Kizio cha Kaskazini na kushoto katika Kizio cha Kusini.

Kwa vitendo, chukua ramani na usimame, kwa mawazo, upepo ukikupiga mgongoni. Kama uko Kizio cha Kaskazini na pwani iko kushoto kwako, maji ya juu yanasukumwa kuliacha bara, na maji baridi ya vilindi yanapanda kuziba nafasi. Kama uko Kizio cha Kusini, pwani inapaswa kuwa kulia. Jaribu kanuni hii kwa Peru, ambako upepo huvuma kufuata pwani kuelekea kaskazini na bara liko kulia. Kisha California, ambako upepo huvuma kuelekea kusini na bara liko kushoto. Kisha Somalia wakati wa kusi, ambako upepo huelekea kaskazini mashariki na bara liko kushoto. Zote tatu ni pwani za maji yanayopanda, na ile ya Somalia ina jambo la pekee, kwamba kaskazi ikiingia upepo unageuka, mkondo wenyewe unageuka nao, na kupanda kwa maji kunakoma. Kwenye ikweta hakuna haja ya pwani: pepo za kudumu zivumazo kutoka mashariki huyasukuma maji kaskazini upande mmoja na kusini upande wa pili, na katikati maji hupanda.

Katikati ya mizunguko mikuu ya bahari, kinyume chake, pepo husukuma maji yakutane na kushuka, na tabaka la juu lenye joto hukandamizwa hadi kina kirefu. Hapo klorofili ya usoni huwa chini ya miligramu 0.1 kwa mita ya ujazo, ilhali katika pwani za maji yanayopanda huweza kuvuka miligramu 1 na hata kufika 10.

Onyo moja, na nalitoa kwa msisitizo kwa sababu limewapoteza wengi. Upepo sahihi hautoshi. Wakati wa El Niño, kama ile ya mwaka 1997 na 1998, tabaka la maji yenye joto huongezeka unene upande wa mashariki wa Pasifiki, hivi kwamba upepo wa Peru unaweza kuendelea kuvuma na maji yakaendelea kupanda, lakini yanayopanda ni maji ya joto yasiyo na virutubisho. Uliza daima maji yanayopanda yanatoka kina gani na yana nini.

Hatua ya 6: Rudi nyuma pamoja na maji

Tuseme ramani ya jotoridi inaonyesha utepe wa maji baridi ukishikana na pwani. Anayeanza hutarajia planktoni nyingi ziwe ndani ya utepe huo, akienda na wavu wake anakuta maji maangavu na kikombe karibu kitupu, kisha anaanza kutilia shaka nadharia nzima. Nadharia haina kosa. Maji yaliyopanda leo yana virutubisho vingi na seli chache, kwa kuwa yalikuwa gizani. Seli hizo zinahitaji siku za kuamka na kuongezeka, na siku hizo zinapita maji yakiwa safarini.

Fanya hesabu. Mkondo wa mita 0.2 kwa sekunde husafiri kilomita 17 hivi kwa siku, kwa kuwa siku ina sekunde 86,400. Kama ongezeko linafika kilele baada ya siku 6, kilele hicho kitakuwa kilomita 100 hivi kutoka maji yalipotokea, kuelekea mkondo unakokwenda. Walaji wadogo, ambao huchelewa zaidi kuongezeka kwa sababu kizazi chao huchukua wiki, watafika kilele mbali zaidi. Kwa hiyo ukiufuata mkondo kutoka pwani kwenda nje utavuka kwanza baridi na nitrati, kisha klorofili, kisha kopepodi, yaani hao walaji wadogo wa jamii ya kamba, na mstari huo mmoja juu ya ramani ni kama shajara ya maji yale yale kwa siku tofauti.

Ili kufanya kazi hii kwa sampuli yako, chora mahali ulipochota, tafuta kasi na mwelekeo wa mkondo kwa siku zilizotangulia, kutoka maboya yanayosafiri na maji, ramani za mkondo za setilaiti au kielelezo cha kompyuta, kisha rudi nyuma siku moja baada ya nyingine ukiweka alama. Kwa kila alama andika mambo matatu: jotoridi la uso wa maji, upepo wa siku ile, na kama alama iko ndani au nje ya eneo la maji yanayopanda. Mkondo wa mita 0.5 kwa sekunde hukurudisha nyuma kilomita 43 kwa siku, na kwa wiki moja utajikuta umefika mbali kuliko ulivyodhani. Makosa ya mwelekeo huongezeka kila siku unayorudi, kwa hiyo baada ya siku kumi hivi chora duara badala ya nukta.

Hatua ya 7: Tafuta mipaka, mizunguko na mistari

Mikondo mikubwa huzaa mizunguko yenye upana wa makumi hadi mamia ya kilomita. Mzunguko unaokwenda kinyume cha saa katika Kizio cha Kaskazini, au kwa mwelekeo wa saa katika Kizio cha Kusini, huinua maji baridi katikati yake na mara nyingi huwa na planktoni zaidi. Ule wa kinyume chake huyakandamiza. Setilaiti zinazopima kimo cha bahari huutambua wa kwanza kwa bonde dogo na wa pili kwa kilima kidogo. Lakini mzunguko pia hunasa na kubeba: ule uliokatika kutoka Mkondo wa Ghuba, mkondo wa joto wa Atlantiki ya Kaskazini, unaweza kutangatanga kwa miezi ukiwa na viumbe wa upande mwingine wa mkondo, na hapo unachokiona hakikukua mahali hapo.

Katika bahari za kina kifupi, kupwa na kujaa ndiko kunakotawala. John Simpson na John Hunter walionyesha mwaka 1974, kwa Bahari ya Ireland, kwamba mpaka kati ya maji yaliyochanganyika na yale yenye tabaka hufuata uwiano wa kina na kasi ya mkondo ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu. Kasi ikipanda maradufu, nguvu ya kuchanganya huongezeka mara nane. Kwa sababu hiyo bamvua huvuruga sakafu na kupandisha virutubisho, na maji mafu yanayofuata huacha tabaka litulie na seli ziongezeke. Ukichukua sampuli mara moja tu bila kuandika hali ya mwezi, hutajua ni ipi kati ya hizo mbili uliyoikuta.

Kuhusu mipaka ambapo maji mawili yanakutana, kuna kosa la hoja linalofaa kurekebishwa. Watu husema planktoni hujikusanya pale kwa sababu maji yanakusanyika. Lakini maji hayabanwi. Yanayokutana usoni lazima yashuke, na kiumbe asiye na uwezo wowote angeshuka nayo na idadi isingebadilika. Wanaobaki na kurundikana ni wale wanaoelea kwa wepesi wao au wanaoogelea kwenda juu kwa kasi inayolingana na kushuka kwa maji. Kwa hiyo mrundikano ni ushahidi wa tabia ya kiumbe na wa mwendo wa maji kwa pamoja. Hali hiyo hiyo huonekana katika mistari inayofuata mwelekeo wa upepo, ambayo Irving Langmuir aliitambua mwaka 1927 akivuka Atlantiki na kuona mwani wa Sargassum umejipanga kwa safu ndefu. Chini ya safu hizo maji hujiviringisha kama magogo yaliyolazwa sambamba, na ndani ya mita chache unaweza kuchota ndoo mbili zenye idadi tofauti kabisa. Chota kadhaa, ukivuka mistari hiyo, wala usichote moja tu.

Hatua ya 8: Wape nafasi wanyama wanaopanda na kushuka

Planktoni wanyama wengi hushuka mamia ya mita alfajiri, kuwakwepa samaki wanaowinda kwa macho, na hupanda kula machweo yanapoingia. Katika Vita vya Pili vya Dunia, vyombo vya kusikiliza mwangwi vilionyesha kitu kama sakafu ya bahari mahali ambapo sakafu ilikuwa mbali sana chini, na sakafu hiyo ya uongo ilipanda kila jioni. Walikuwa wanyama hawa. Sampuli ya mchana na ya usiku hazilinganishwi bila kulitaja jambo hili.

Uhamaji huo hubadilisha pia ramani. Mkondo wa juu unaweza kuelekea nje ya pwani na wa chini ukaelekea pwani, na mnyama anayegawa muda wake kati ya tabaka hizo mbili hubaki karibu na mahali pale pale huku maji yote yakimpita. Kwake, hesabu ya Hatua ya 6 inapaswa kufanywa kwa mikondo miwili, kila mmoja kwa saa anazokaa humo.

Hatua ya 9: Vuta wavu kwa uangalifu

Kwa wanyama, matundu ya maikromita 200 ndiyo yanayotumika sana. Kwa seli kubwa za mimea, maikromita 20. Seli ndogo kabisa hupita katika wavu wowote, kwa hiyo zichukulie chupa ya maji. Shusha wavu hadi kina ulichokusudia na uuvute juu wima kwa kasi isiyobadilika, kati ya nusu mita na mita 1 kwa sekunde. Ukifika juu, suuza wavu kwa maji kutoka upande wa nje, ili viumbe walioshika pembeni waingie kikombeni na asiongezwe hata mmoja ambaye wavu haukumnasa.

Kiasi cha maji yaliyochujwa ni eneo la mdomo mara urefu wa safari. Mdomo wenye kipenyo cha sentimita 30 una eneo la mita za mraba 0.071, na kwa safari ya mita 40 wavu umechuja mita za ujazo 2.8. Kama umehesabu kopepodi 212 katika sehemu moja ya kumi ya sampuli, jumla ni 2,120, nayo ni takriban 750 kwa mita ya ujazo. Wavu ulioziba kwa ute wa seli huchuja kidogo kuliko hesabu inavyosema, kwa hiyo funga kipima mtiririko mdomoni ukiweza. Hifadhi mimea kwa iodini ya Lugol hadi maji yawe na rangi ya chai nyepesi isiyo na maziwa, na wanyama kwa fomalini ya asilimia 4, ukivaa glavu mahali penye hewa ya kutosha.

Kisha tazama vizuri kabla ya kuhesabu. Tone la maji yaliyopanda karibuni, yaliyosukwasukwa na yenye silika, mara nyingi huwa na minyororo ya daiatomu aina ya Chaetoceros, kila seli ikitoa miiba mirefu inayopishana na ya jirani yake. Tone la maji yaliyotulia kwa wiki kadhaa huwa na dinoflajeleti, seli zenye mikia ya kuogelea, wanaoweza kuogelea kwenda chini kufuata virutubisho na kurudi juu kwenye nuru. Ramon Margalef aliuweka mpangilio huo katika mchoro mmoja mwaka 1978, msukosuko ukiwa upande mmoja na virutubisho upande wa pili. Kwa hiyo aina za seli zilizo chini ya lenzi yako zinakueleza umri wa maji, wakati mwingine kwa uhakika kuliko jotoridi.

Hatua ya 10: Tumia setilaiti ukijua mipaka yake

Rangi ya bahari imepimwa kutoka angani tangu mwaka 1978. Setilaiti yenye kipima rangi cha SeaWiFS ilirushwa mwaka 1997, na setilaiti ya PACE, inayotofautisha rangi nyingi zaidi, ilirushwa Februari 2024. Ramani hizo hazina mbadala kwa kuonyesha umbo la jambo zima. Lakini zinaona tabaka la juu tu, kwa hiyo tabaka la klorofili la mita 100 halionekani humo, mawingu huzifunika, na karibu na pwani tope na maji ya mito yenye rangi ya majani yaliyooza huweza kusomeka kama klorofili. Linganisha angalau chupa zako chache na ramani ya siku hiyo hiyo kabla ya kuiamini kwa eneo lako.

Hatua ya 11: Andika utabiri kabla ya safari inayofuata

Ukishakuwa na maelezo, yageuze yawe utabiri unaoweza kushindwa. Usiandike kwamba planktoni ni nyingi kwa sababu ya upepo. Andika kwamba upepo sambamba na pwani ukivuma siku 4 mfululizo, basi siku ya 6 baada ya kuanza kwake klorofili itakuwa na kilele kati ya kilomita 80 na 120 kutoka pwani, daiatomu zikiongoza, nitrati ikiwa nyingi karibu na pwani kuliko nje, na wavu wa mchana ukiwa na kopepodi wachache kuliko wa usiku. Kisha panga vituo vitano kwenye mstari huo, viwili kati yake nje ya eneo la kilele, na kwa kila kituo andika saa, hali ya mwezi, upepo, kina cha kisahani, mstari wa jotoridi na chumvi, na namba ya chupa. Kituo kitakachokwenda kinyume na utabiri usikifute. Kirudie kwanza, ukianza na Hatua ya 6, kwa kuwa mara nyingi utagundua kwamba maji ya pale hayakutoka ulikodhani.